Tiki Mbili za Buluu na Daftari la Ssalongo

Sitaki mtu acheke kabla sijamaliza. Nawajua nyinyi, mkisikia tu neno "mstari" mnaanza kushika mbavu, lakini vumilieni nifike mwisho ndipo tucheke pamoja, na mimi nikiwemo, maana nimeshachekwa na mtaa mzima na sina tena cha kuficha. Jina langu ni Okello, ndilo lililo kwenye kitambulisho, lakini hapa kwetu Kampala, chini ya kilima cha Naguru, watu wananiita Tiki Mbili. Muuza chapati ananiita Tiki Mbili. Mke wangu Zubeda akikasirika ananiita Tiki Mbili. Hata katekista siku moja alikuwa anasoma majina ya wazazi kanisani, akafika kwangu, akaanza "Ti..." kisha akakohoa.

Mimi ni fundi simu. Nina kimeza changu Kisenyi, katikati ya magereji na maduka ya Wasomali, nabadilisha vioo, nafungua simu zilizojifunga, narudisha picha zilizopotea. Sasa fundi simu ana ugonjwa mmoja: akishajua kuifungua simu anadhani anajua kila kitu kilichomo ndani yake, pamoja na siasa. Ugonjwa huo mimi ulinishika vibaya sana. Mimi ndiye niliyeanzisha grupu la mtaa kwenye simu, watu mia mbili na zaidi, na mimi ndiye admini, na kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki nilikuwa naandika: "Wananchi, amkeni." (Zubeda akawa anasema, "Anza wewe kuamka, watoto wanachelewa shule.")

Nilikuwa natuma na sauti ndefu. Nilikuwa nasema hivi, na watu bado wanazo, wanazicheza kwenye harusi wakitaka kuchekesha wageni: "Ndugu zangu, zamani mkubwa alisema na mdogo akasikiliza. Leo kila mtu ana kipaza sauti mfukoni. Demokrasia imeshuka kutoka jukwaani, sasa iko kiganjani!" Kiganjani. Hilo neno nililipenda mno, nililitumia hata nikiagiza chai.

Na nisijionee sana, grupu lilikuwa limefanya kazi ya maana kweli. Mtaani kwetu kuna chemchemi, maji yanatoka kwenye bomba lililochomekwa ukutani mchana kutwa, baridi, bure, na nyumba nyingi za kule bondeni hazina maji mengine. Chamani wetu, yaani mwenyekiti wa mtaa, mzee Kazibwe, alikuwa na mpango na mtu mmoja tajiri wa kuizungushia ukuta na kufungua mahali pa kuoshea magari. Siku moja mama mmoja akawapiga picha watu wakipigilia vigingi pale, akaitupa kwenye grupu, na nusu saa haikuisha mtaa wote ulikuwa umesimama pale na majerikeni. Wale watu wakang'oa vigingi vyao wenyewe wakaondoka. Nani alisema mtandao ni wa umbea tu? Mimi nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ndipo ukafika uchaguzi wa chamani, na shangazi yangu Filda akakubali kusimama dhidi ya Kazibwe kwa sababu ya maji yale. Shangazi Filda ni mjane wa sajenti wa polisi, ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, anauza mboga na simsim ya kusaga, na ana simu ile ndogo ya vitufe tunayoiita katochi kwa sababu ya tochi yake. Kwenye grupu hayumo na hajawahi kuwamo. Habari zake zote za grupu nilikuwa nampelekea mimi kwa mdomo.

Uchaguzi wetu wa mtaa hauna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama uwanjani, na wewe unatembea kwa miguu yako unakwenda kusimama nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, mwenye nyumba wako anakuona, muuza duka anakuona, mkwe wako anakuona, kisha mnahesabiwa mmoja mmoja. Na ili uhesabiwe lazima jina lako liwe kwenye daftari la wakazi. Daftari hilo lilikuwa kwa mzee Ssalongo, mwalimu mstaafu, ambaye kwa wiki mbili alikaa na meza yake barazani kwa Kazibwe akiandikisha watu. Kuandikwa na Ssalongo si jambo la kupita. Unasalimia, unakaa, anakuuliza ulikuja mtaa huu lini, mwenye nyumba wako nani, yule mtoto aliyekuwa na degedege amepona, halafu anachukua rula, anapiga mstari, ndipo anaandika, pole pole, kwa mwandiko wa ubaoni.

Shangazi yeye alikuwa na mpango wake. Akaniambia, "Okello baba, nataka nipite nyumba kwa nyumba. Nisalimie watu, niwashike mkono niwapeleke kwa Ssalongo."

Nikacheka. Mungu ananiona, nilicheka. Nikamwambia, "Shangazi, na miguu hiyo? Kaa uuze mboga zako. Haya mambo ya kutembea yameisha. Tayari umeshinda."

"Nimeshindaje na kura haijapigwa?"

Nikamtolea simu. Nilikuwa nimeweka kura ndani ya grupu, bonyeza jina la unayemtaka, na Filda alikuwa na watu tisini na saba, Kazibwe kumi na mmoja. Shangazi akaishika simu yangu kwa mikono miwili akaitazama sana. "Hawa wote ni watu wa hapa?" akauliza. Nikamwambia ni wa hapa, wa wapi tena? (Sikumwambia kwamba Sharifa, aliyekuwa anaandika kuliko wote, anafanya kazi za nyumbani Dubai. Wala kwamba Kamau, jirani yangu Mkenya anayefanya kazi Bugolobi, alikuwa amempigia kura shangazi kwa simu mbili, na yeye hapa hana haki ya kupiga hata kwa moja.) Akaniamini. Akarudi kwenye mboga zake. Hapo ndipo kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, lile dogo, dogo kabisa, lililozaa mengine yote. Siku ya mwisho ya kuandikisha nilifunga kimeza mapema nikapanda barazani kwa Kazibwe ili nijiandikishe. Nikakuta foleni. Watu kama kumi na tano, na Ssalongo alikuwa bado anamhoji mwanamke mmoja kuhusu mguu wa mama yake. Nikasimama. Nikasimama. Saa kumi na moja kulikuwa na mpira, mpira mkubwa, na mimi nilikuwa nimeahidi watu kwamba nitakuwepo. Nikaitazama foleni, nikaitazama saa, nikaitazama simu, nikajiambia: mimi, admini, fundi wa mtandao, nisimame hapa kumngoja mtu anayeandika kwa rula? Nikatoka kwenye foleni. Nikiwa nashuka njiani nikaandika kwenye grupu: "Wananchi, ambao hamjajiandikisha msijisumbue kupanda. Tumeni majina hapa, mimi nitayafikisha."

Yakaja mbio! Majina ishirini na sita, na langu la ishirini na saba. Nikayanakili yote pamoja, nikamtumia mzee Ssalongo kwenye simu yake, chini nikaandika, "Mzee, ni hao." Nikangoja kidogo. Zikatokea tiki mbili. Zikageuka buluu. Mnazijua zile tiki, zinaonyesha kwamba uliyemtumia ameusoma ujumbe. Basi mimi nikaona kazi imekwisha, serikali imepokea. Nikaandika kwenye grupu "IMEPITA" kwa herufi kubwa, nikaenda kwenye mpira, tukafungwa.

Zubeda ndiye aliyeuliza, kama kawaida yake ya kuuliza maswali wakati mtu ana furaha. "Baba Amina, mzee Ssalongo amejibu nini?"

"Ameona."

"Nakuuliza amejibu nini."

"Tiki za buluu, Zubeda. Wewe huelewi teknolojia."

Akanitazama, akafunga hijabu yake vizuri, na kesho yake nikaja kusikia kwamba yeye alikuwa ameshajiandikisha siku ya kwanza kabisa, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Hakuniambia. Alisema alidhani mimi nilitangulia.

Siku ya uchaguzi nikavaa suti. Suti ya harusi yangu, ndiyo, kwa ajili ya kusimama uwanjani kando ya chemchemi kwenye jua la saa tano. Nikabeba simu tatu, moja yangu na mbili za wateja (Mungu anisamehe), nikapiga simu za video ili watu wetu wa ng'ambo waone demokrasia ikitendeka. Shangazi alikuwa amesimama mbele na gauni lake la busuti, mikono ameikunja, katochi imening'inia shingoni kwa kamba. Kazibwe alisimama upande wa pili na koti la kijivu, anatabasamu na watu. Kipenga kikalia, watu wakatembea.

Jamani, mstari wetu! Ulipita bomba la maji, ukapinda, ukaanza kupanda mlima. Nikahesabu kwa macho, watu sabini na mmoja nyuma ya shangazi, wa Kazibwe ni kama sitini tu. Mimi nilikuwa wa kwanza kabisa, mgongoni mwa shangazi, suti na simu tatu. Nikamnong'oneza, "Umeona? Si nilikwambia?" Na shangazi, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, akacheka. Hilo cheko ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Mzee Ssalongo akaja na daftari lake kwapani. Akaanza na mstari wetu, yaani akaanza na mimi.

"Okello," akaita, na mimi nikainua mkono watu wanione. Akateremsha kidole ukurasa wa kwanza. Akalamba kidole, akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza. "Okello, jina lako halimo."

"Limo, mzee. Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Kuna Okello wa gereji, kuna Okello askali, kuna Okello mzee ambaye alikufa nikamkata kwa lula. Wewe haumo kwa daftali." (Mzee Ssalongo herufi zake ni za Kiganda, zinabadilishana viti.)

Watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Mimi nikacheka kwa sauti, kicheko cha mtu mwenye ushahidi. "Mzee, nilikutumia majina kwenye simu, na ukaona. Zilitokea tiki mbili, za buluu! Toa simu yako. Toa, usome, tena soma kwa sauti wote wasikie."

Nilimwomba mwenyewe, jamani. Hakuna aliyenilazimisha. Mzee akatoa simu, akavaa miwani, akatafuta, akatafuta, kisha akaanza kusoma kwa ile sauti ya kuita mahudhurio darasani: "Mama Pacha. Bosi Mtoto. Simba wa Nagulu. Damu ya Yesu. Sumu ya Penzi. Mke wa Mtu. Usinipigie Niko Kazini..."

Kwa sababu nilinakili majina kama yalivyo kwenye grupu! Watu walikuwa wameandika tu "na mimi", "niweke", "mimi pia", na jina la mtu kwenye simu ni lile alilojipa mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea mwandikishaji wa serikali mtu anayeitwa Usinipigie Niko Kazini.

"Damu ya Yesu ni nani?" Ssalongo akauliza kwa upole.

Muuza nyama mmoja mnene, wa katikati ya mstari, akainua kidole nusu. Uwanja ukapasuka. Mistari yote miwili ilicheka, ya kwetu na ya Kazibwe, watu wakashikana mabega, mama mmoja akakaa chini juu ya jerikeni lake. "Na Sumu ya Penzi ajitokeze!" mtu akapiga kelele, na binti mmoja wa saluni akajifunika uso kwa kitenge.

"Lakini uliona!" nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa imeanza kupanda juu kama ya mtoto. "Mbona hukujibu?"

Mzee akavua miwani. "Okello mwanangu, mimi nirijua ni kamati ya halusi. Kira siku watu wananitumia olodha za halusi. Nikasema, nikijibu tu, wataniingiza kwa kikao. Nikanyamaza."

Na hapo niwaambie ukweli, hata mimi ningenyamaza. Nani Kampala hii anajibu orodha ya harusi?

Basi akanishika kiwiko, taratibu, akanitoa kwenye mstari. Mimi, admini, wa kwanza. Nikafungua mikono yote miwili, na simu zangu, nikaita mbingu zishuhudie. Halafu akaenda akiwatoa wengine, mmoja baada ya mwingine, wote ishirini na sita niliowaambia wasijisumbue, na kila aliyetoka akija kusimama karibu yangu ananiangalia kwanza. Mama Pacha hakuniangalia, alitema mate pembeni. Kutoka ndani ya simu moja ya mteja, Sharifa akawa anapiga kelele, "Nihesabuni mimi! Mimi nimezaliwa hapo! Okello, nipeleke kwenye mstari!" Nami nikampeleka! Kwa akili yangu iliyobaki nikarudi nikainua simu nyuma ya shangazi, uso wa Sharifa ukitazama watu.

"Huyu amesimama wapi?" Ssalongo akauliza.

"Jikoni, Dubai," Sharifa mwenyewe akajibu.

"Basi apange mstali hukohuko."

Kazibwe hakucheka. Nilitamani acheke, ningemchukia kwa raha. Alikuja pole pole, akanishika bega, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Okello, baraza yangu ina viti sita. Ulishindwa kukalia hata kimoja?"

Wakahesabu. Kwake walitolewa wawili, wakabaki hamsini na wanane. Kwetu walibaki arobaini na wanne, na Zubeda akiwa mmoja wao, amesimama wima na mtoto mgongoni. Shangazi alishindwa kwa watu kumi na wanne. Na pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa chemchemi, tulikuwa tumesimama watu ishirini na saba. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Shangazi alipita akiwashika mikono wote arobaini na wanne, anawashukuru. Kisha akaja kwetu, akawashika mikono na hao ishirini na sita, akiwauliza wanaishi nyumba ipi, maana wengine alikuwa hawajui. Alipofika kwangu nikasema, "Shangazi, nisamehe."

"Wewe ulikusanya majina, baba," akasema. "Mimi nilitaka kuwasalimia."

Mngedhani aibu imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nikaenda nyumbani, nikavua suti, nikaingia kitandani saa saba mchana na simu. Kumbe Sharifa kule jikoni kwake alikuwa ametumiwa picha na mwenzetu wa Riyadh, aliyekuwa ananitazama kupitia ile simu nyingine ya mteja... hata sijui aliinasa vipi, lakini picha ilikuwa ni mimi, suti, mikono imefunguka, macho mbinguni, na mkono wa Ssalongo kwenye kiwiko changu. Chini Sharifa ameandika: "Shujaa wa mtaa aburutwa kwenye mstari. KURA ZIMEIBWA."

Meseji zilikuwa mamia. Picha imeshafika magrupu mengine, imeshafika Nairobi, kuna mtu nisiyemjua anasema amenijua tangu utotoni na kwamba nimevunjwa mkono. Nikautazama mkono wangu. Na sasa nitawaambia kitu ambacho Zubeda peke yake anakijua: nilifurahi. Saa moja iliyopita nilikuwa mjinga wa mtaa, sasa nilikuwa shujaa. Nikaiweka ile picha iwe picha yangu kwenye simu. Sikuandika neno la uongo hata moja, nilinyamaza tu na kupokea pole.

Zubeda akaja akasimama mlangoni na simu yake. "Wameiba nini, baba Amina?"

Nikarudisha macho kwenye simu. Kwenye grupu mtu akaandika: "Saa kumi tukutane barazani kwa Kazibwe. Hilo daftari lichomwe." Wakajibu kwa vidole gumba na alama za moto, moto, moto, mpaka chini. Mwingine akaandika, "Na huyo mzee Ssalongo tumshughulikie."

Mzee Ssalongo ana miaka sabini na kitu.

Shangazi Filda akaingia bila kubisha, maana Zubeda alikuwa amemwita. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Nilisoma yote, pamoja na ya moto. Akashika ile katochi shingoni.

"Wakienda kule," akasema, "gari la askari litashuka kutoka kituo cha kilimani. Mume wangu alikuwa anapanda gari hilo, Okello. Najua wanavyoshuka na najua wanavyopanda na waliowakamata. Watakamata watoto wa watu kwa jina langu." Akanitazama. "Kura ziliibwa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi waambie."

"Watanicheka."

"Wakucheke," akasema. "Wewe unaogopa kuchekwa, mimi naogopa kwenda kituoni kuulizia mtoto wa jirani."

Nikashika simu. Nilifuta mara tatu nikaanza upya, na shangazi na Zubeda wamenikalia mbele. Sauti niliyoituma ilikuwa hivi, naijua kwa moyo maana wamenichezea mara nyingi: "Ndugu wananchi, mimi ni Okello. Hakuna aliyeiba kura. Daftari lilikuwa wazi wiki mbili. Siku ya mwisho nilitoka kwenye foleni kwa sababu nilitaka kwenda kutazama mpira. Nikamtumia mzee Ssalongo majina kwenye simu. Nikaona tiki mbili za buluu nikadhani mmeandikishwa. Mzee hana kosa, alidhani ni harusi. Kosa ni langu. Mkono wangu haujavunjika. Msiende barazani. Na... na mpira wenyewe tulifungwa."

Hilo la mpira sijui lilitokea wapi, lilinitoka tu.

Wa kwanza Damu ya Yesu akatuma kikatuni kinacholia kwa kucheka. Kisha Sumu ya Penzi. Kisha wote, kisha watu wa Nairobi, kisha yule aliyenijua tangu utotoni. "Tiki Mbili!" mtu akaandika, sijui nani, na nikijua ni nani nitamrudishia simu yake bila kioo. Saa kumi barazani kwa Kazibwe walifika watu wanane tu, wakiuliza kama mimi nipo ili wanione. Kazibwe akawapa chai. Mzee Ssalongo akawaonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, na wawili wao wakagundua kwamba hata wao hawamo.

Chemchemi imezungushiwa ukuta. Magari yanaoshwa pale kuanzia asubuhi, redio inapiga muziki, na bomba liko ndani. Grupu lilipiga kelele, tena kelele nzuri, zenye picha, lakini Kazibwe alijibu kwamba watu walisimama kwenye mstari wakahesabiwa, na mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kumjibu. Maji sasa yanatoka mbali, ng'ambo ya bonde, na nyumbani lilikatwa shauri bila mjadala kwamba mchotaji ni mimi. Kila asubuhi majerikeni manne, mawili yetu na mawili ya shangazi, kabla ya Kisenyi.

Grupu sijalifunga, kuna mambo linafanya ambayo miguu haiwezi. Lakini nimejiapia kitu kimoja mbele ya Zubeda: sitamwambia tena mtu yeyote asijisumbue. Ssalongo alipofungua daftari tena nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nilikaa kwenye kiti, nikajibu habari za watoto wote, nikamwangalia akipiga mstari kwa rula, na nikabaki pale nikilitazama jina langu mpaka wino ulipokauka. "Umo, Okello," akasema. "Umo. Nenda nyumbani." Shangazi atasimama tena. Safari hii anapita nyumba kwa nyumba, mimi nambebea kigoda chake, na kazi yangu ni kunyamaza.

Ile kura ya kwenye grupu bado ipo, sijui kwa nini sijaifuta. Tisini na saba kwa kumi na moja. Juzi nilimwonyesha shangazi kwamba mle ndani ya simu bado anaongoza. Aliitazama kidogo, akanirudishia simu, akanipa jerikeni.